Ya Sita Juu, ya Nne Mwisho

Duka la runinga lilikuwa limefurika kana kwamba vitu vinagawiwa bure, na karibu wote waliokuwamo hawakuja kununua. Walisimama mbele ya ukuta wa runinga, mifuko miguuni, shingo zimenyooka, wakitazama marudio ya sehemu ya kwanza ya Nyumba Moja. Ile tamthilia ya familia yenye nguvu za ajabu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na tayari mji mzima haukuwa na habari nyingine. Baba anainua majengo. Mama anasikia mawazo ya watu hata wakiwa upande wa pili wa ukuta. Binti anapenya mlango uliofungwa. Bibi anaona yatakayotokea dakika kumi mbele, si zaidi, kwa hiyo kazi yake kubwa duniani ni kuanua nguo kabla mvua haijaanza.

Katikati ya watu hao alisimama mpima macho, dada mwembamba mwenye gauni la kijani lenye mkanda kiunoni na miwani ya fremu nyekundu. Alikuja kumnunulia baba yake rimoti, akanaswa. Mbele yake kabisa palikuwa na mgongo mpana wa ovaroli ya bluu.

"Samahani kaka, wewe si kioo. Sogea tuone."

Mgongo uligeuka. Ulikuwa na uso mzuri, nyusi moja ikiwa imepakwa grisi. "Samahani dada. Namsubiri meneja anipe ufunguo wa chumba cha mashine. Lifti yao imekufa."

"Basi msubiri ukiwa umeinama."

Akainama kweli. Si kidogo, alichuchumaa kabisa kando ya mkoba wake wa vyuma, mtu mzima na kimo chake. Mpima macho akacheka kwa pua. Kwenye runinga baba alikuwa amelikumbatia jengo, analing'oa na wapangaji wake ndani.

"Haliinuliwi hivyo," fundi alisema kutoka kule chini. "Lingeshakatika katikati."

"Bibi anaona yajayo hulalamiki, jengo ndilo linakukera?"

"Bibi si kazi yangu. Majengo nayajua."

Wakabishana mpaka meneja akaja na ufunguo, akamkuta fundi hana haraka tena. Alimuomba dada yule namba ya simu ili, alisema, wamalizie hoja ya jengo. Mpima macho alimtazama toka kwenye nyusi ya grisi hadi kwenye buti, akaona hakuna ubaya. Akampa. Rimoti akaisahau, ikabidi arudi kesho yake.

Tangu hapo simu haikupoa.

"Hujambo, mpima macho wangu?"

"Sijambo. Wako tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Nilikuwa nasubiri utoke kazini nikutangazie."

"Una mdomo wewe. Haya niambie, sehemu ya pili umeionaje?"

"Wewe kwanza umeionaje?"

"Mimi nimeipenda."

"Hata mimi nimeipenda sana."

Hapo nawaomba msimame kidogo. Kuna wanaume wabishi, na kuna wanaume wa ndiyo. Huyu wetu alikuwa wa ndiyo. Akiwa na lifti alikuwa mkali kama pilipili. Kamba ikiwa na kasoro hata waziri asingepanda. Ila akiwa na watu anaowapenda, alisoma uso kwanza ndipo ajibu. Alilelewa na shangazi ambaye hasira zake zilijulikana mtaa mzima, na akiwa mdogo alijifunza kulijua jibu linalotakiwa kabla swali halijaisha. Shangazi alimlea vizuri, hilo halina ubishi. Ila alimwachia tabia hiyo, na tabia hiyo karibu imkoseshe mke.

Kila Ijumaa baada ya kazi alikuja nyumbani kwa kina mpima macho kutazama. Nyumba ilikuwa ya watu watatu: yeye, dada yake mkubwa ambaye alikuwa mkunga, na baba yao, mzee mkimya aliyekuwa fundi wa injini za meli na sasa amestaafu. Mzee alikuwa na kiti chake na rimoti yake mpya. Dada mkubwa alimwita mgeni shemeji tangu Ijumaa ya kwanza, kumchokoza tu, na fundi akaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mpima macho ndiye aliyeleta sharti. Hakuna kutoa maoni ya mwisho mpaka msimu uishe. Baada ya sehemu ya nane, kila mmoja atapanga sehemu zote, bora juu, mbovu chini, wabadilishane.

"Mwache mtu apange vitu," alimwambia dada yake, "utamjua. Anachokiweka juu ndicho anachokitamani."

"Na anayeweka chumvi juu ya kabati?" dada mkubwa aliuliza.

"Cheka tu."

Basi fundi akaanza kuchunguza. Hakuichunguza tamthilia, alimchunguza mwenzake. Sehemu ya nne ilipokuja, familia nzima ilikuwa na mafua. Nguvu zote ziligoma. Baba hakuweza kuinua hata sufuria, bibi alipiga chafya akaona dakika kumi za nyuma badala ya za mbele, na hakuna aliyetoka nje. Walikaa ndani wamejifunika mablanketi, wanagombea kipimajoto. Kesho yake mji mzima ulinung'unika kwamba hiyo haikuwa sehemu, ni kupotezeana muda. Fundi mwenyewe aliipenda mpaka ikamshangaza. Lakini alipotupa jicho pembeni, mpima macho alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea begani kwake, miwani imepinda. Akajiambia, hii imemchosha. Hii ni ya mwisho.

Sehemu ya sita ilikuwa tofauti. Bwawa la mji lilipasuka, na baba akaenda kuuzuia ukuta kwa mabega yake. Hakuweza kuuachia. Nyumbani binti akawa anamtengea sahani kila siku, anaifunika, asubuhi anaiondoa. Mpima macho alilia. Alilia bila sauti, akaficha uso kwenye shati la fundi mpaka likalowa. Mzee aliinuka akaenda jikoni, na bomba likasikika likimwaga maji kwa muda mrefu kuliko glasi moja inavyohitaji. Fundi hakulitilia maanani hilo. Alichoona ni machozi, akajiambia, hii imemgusa moyo. Hii ni ya kwanza.

Hakujua. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mama alifariki watoto wakiwa shuleni. Hakuambiwa kwamba mzee wakati huo alikuwa baharini, kama alivyokuwa baharini maisha yao yote, anakuja na zawadi, anaondoka wakiwa usingizini. Hakuambiwa kwamba alifika watu wameshazika na majirani wameshachukua viti vyao. Mpima macho aliizika habari hiyo ndani kabisa, na aliapa jambo moja tu maishani: kama ataolewa, haitakuwa kwa mwanaume wa kusubiriwa.

Msimu uliisha. Jumamosi wakakutana kwenye mgahawa karibu na kliniki, mpima macho amevaa gauni la njano na hereni ndogo, fundi amenyoa. Wakahesabu pamoja moja, mbili, tatu, wakatumiana orodha kwa simu.

Ya fundi ilifika kwanza. Mpima macho akaisoma, na furaha ikamtoka usoni polepole.

"Ya sita ndiyo umeiweka juu?"

"Hakuna inayoifikia," fundi alisema, na kwa kuwa alidhani anapendeza, akaongeza. "Mwanaume anaacha kila kitu chake anakwenda kuokoa watu. Nani anaweza hivyo? Huyo ndiye mwanaume."

"Na ya nne mwisho?"

"Ile? Watu wamekaa tu ndani. Hata haina maana."

Orodha ya mpima macho ikaingia kwenye simu ya fundi. Ya nne juu. Ya sita mwisho. Akacheka. "Hebu ona, tumepishana juu chini. Mmoja wetu aliishika simu kinyume."

Mpima macho naye akacheka, kwa meno tu. Moyo wake ulikuwa umeshanywea. Alijipa moyo kwamba ni tamthilia tu, watu wazima hawaachani kwa tamthilia, na pengine ingepita. Isingekuwa Jumatatu, ingepita.

Jumatatu mkuu wa mafundi wa lifti, mzee mnene mcheshi, alikuja kliniki kuchukua miwani yake ya kusomea. Alijua kidogo kuhusu hao wawili, akataka kumfurahisha dada wa watu.

"Kijana wetu anatupa sifa bwana. Makao makuu wamemteua aende ng'ambo, miaka mitatu, awe msimamizi. Nyumba, gari, kila kitu. Sasa unajua yeye..."

"Samahani mzee," mpima macho alisema. "Mwenzangu atakumalizia." Akaingia stoo akasimama katikati ya maboksi ya fremu.

Laiti angemwacha yule mzee amalize sentensi yake. Lakini mtu aliyeumia ana masikio ya kusikiliza? Kichwani mwake mambo yalikuwa yameshajipanga: ya sita juu, ya nne mwisho, miaka mitatu ng'ambo. Na juu ya hayo yote, alimficha. Mama yake angalau alikuwa akiagwa.

Jioni alipiga simu yeye.

"Fundi, tuishie hapa."

"Tuishie wapi? Uko wapi nije?"

"Sina maana hiyo. Wewe na mimi, basi."

"Kwa sababu ya orodha ya tamthilia?"

"Kwa sababu ya aliyeipanga."

"Kama ni hivyo naweza kuibadilisha sasa hivi, mpenzi. Niambie tu..."

"Usibadilishe. Umesema ulicho nacho moyoni, na nakushukuru. Safari njema."

"Safari ipi?" fundi aliuliza, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Alipiga tena na tena. Siku ya pili ndipo dada mkubwa alipopokea, na hakumwita shemeji.

"Wewe unaenda ng'ambo miaka mitatu, halafu Ijumaa unakuja hapa unakula na sisi na kujikunja kwenye kochi letu?"

"Siendi popote."

"Nini?"

"Dada, siendi. Nilikataa kabla hata ya sehemu ya nane. Kwani nani kamwambia?"

Hapo dada mkubwa akamweleza. Meli. Zawadi. Mama. Viti vya majirani. Fundi alikuwa kwenye chumba cha mashine juu ya jengo refu, akajikuta amekaa juu ya mkoba wake wa vyuma bila kukumbuka alikaa saa ngapi. Alikumbuka shati lake lilivyolowa, na maneno yake pale mgahawani: huyo ndiye mwanaume. Alitamani angeyameza.

"Mwambie basi kwamba siendi," alisema.

"Nimwambie mimi? Atasema umenihonga. Nenda kamwambie mwenyewe."

"Hapokei simu zangu. Mlangoni kwenu nimegonga mara ngapi?"

"Kazini kwake hawafukuzi wagonjwa," dada mkubwa alisema. Akakata.

Asubuhi fundi aliomba ruhusa, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na mstari, akajiandikisha kliniki kama mtu yeyote, akasubiri kwenye benchi katikati ya mama aliyekuwa akipepesa macho na mzee aliyekuwa akilalamikia kiyoyozi.

"Anayefuata," mpima macho alisema bila kuinua kichwa. Alipoinua, alishika meza. "Wewe huna ugonjwa wa macho."

"Sijui. Hakuna aliyewahi kunipima."

"Mlango uko nyuma yako."

"Nimeandikishwa. Nipime, kisha nitaondoka."

Nje kulikuwa na benchi zima la watu, na yeye hakuwa mtu wa kufanya vurugu kazini. Alimkalisha kwenye kiti, akazima taa, akawasha ubao wa herufi, akambandika usoni ile fremu nzito ya majaribio yenye matundu ya kuingizia lenzi. Fundi akafanana na kifaa kilichoharibika. Mkono wa mpima macho ulipogusa sikio lake, wote wawili walijifanya hakuna kilichotokea.

"Tazama herufi. Iko vizuri zaidi na ya kwanza," akabofya lenzi, "au ya pili?"

"Ya pili."

"Ya kwanza, au ya pili?"

"Ya pili."

"Una hakika?"

Fundi akasita, akamtazama usoni. "Au... ya kwanza?"

Mpima macho alirudi nyuma hatua moja. "Ni lenzi ileile. Sijabadilisha chochote. Mara zote mbili nimekuwekea kilekile. Kwa nini ulisema ya pili?"

"Uliitaja kwa sauti nzuri."

"Nini?"

"Ya kwanza uliitaja kama inakuudhi. Ya pili uliitaja vizuri. Nikadhani hiyo ndiyo unayoitaka."

Akili ya mpima macho ilisimama. Watu hudanganya kwenye kiti kile kila siku, madereva hasa, lakini huwa wanadanganya ili wapate cheti. Huyu alikuwa anakubali kuvaa miwani mibovu ili asimkere mpimaji.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema polepole. "Unanijibu ninachotaka kusikia."

"Ndivyo nilivyolelewa. Sijisifu." Fundi alitaka kuivua ile fremu, akaiacha. "Ya sita niliiweka juu kwa sababu ulilia. Shati lilinilowa. Nikasema hii ndiyo kipenzi chake. Ya nne niliiweka mwisho kwa sababu ulilala. Nikasema imemchosha."

"Ulipanga ya kwangu?"

"Nilijaribu. Nikaipanga kichwa chini miguu juu."

"Mimi nililala," mpima macho alisema, na sauti ikaanza kumsaliti, "kwa sababu watu wote walikuwa nyumbani. Kule kwenye runinga na huku kwetu. Baba anakoroma, wewe uko hapa, mlango umefungwa. Sijawahi kulala vile tangu nizaliwe."

Fundi alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kusinzia kwa furaha.

"Sasa niambie yako," mpima macho alisema. "Ile yako wewe. Na usinitazame usoni, tazama ubao."

Fundi alitazama ubao. "Ya nne. Tangu siku ile. Kila mtu anasema haina kitu, nami nasema inayo. Sikuwa na mama wala baba wa kugombea naye kipimajoto. Ningeitazama hiyo mwaka mzima."

"Na ya sita?"

"Ya sita ni upuuzi. Ukuta wa bwawa unazuiwa na vyuma na zege. Wangeita mafundi, wakafanya kwa zamu, jioni mtu anarudi kwake."

Mpima macho alicheka, kisha kicheko kikageuka, machozi yakamtoka mengi. Fundi akainua mkono amguse, akausitisha hewani.

"Haya ni ya nini?" aliuliza. "Niambie. Sibahatishi tena."

"Haya ni ya hasira bado. Ulinificha. Miaka mitatu, na nikaisikia kwa mkuu wako, hapa kazini."

"Nilikataa. Niliwaandikia makao makuu kabla ya msimu kuisha. Mkuu wangu alikasirika mpaka akaniita mjinga mbele ya wenzangu. Hakukuambia?"

Mpima macho alikumbuka sentensi aliyoikata. Aliona aibu, na chini ya aibu kitu kikalegea kifuani, kitu kilichokaza tangu Jumatatu, na pengine tangu zamani sana. Akaketi kwenye kiti chake cha magurudumu. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungeniambia nenda."

"Nisingekuambia."

"Kila mtu mwema anasema nenda. Bahati kama hii haiji mara mbili, nenda, nitakusubiri. Na wewe ungesema, kwa wema. Nami ningekwenda, ili nikupendeze. Ndiyo maana nilikata shauri peke yangu. Ni jambo la kwanza kuliamua bila kusoma uso wa mtu, na nilitetemeka siku nzima. Mimi sitaki kwenda. Nataka kubaki hapa na wewe. Nataka nikuoe, tupate mafua pamoja. Hilo halijatoka usoni kwako, maana nimerudi kutazama ubao."

Mlango ukagongwa. "Daktari," sauti ya yule mzee wa kiyoyozi iliita, "huyo ana macho mangapi?"

"Anamalizia la pili, mzee," mpima macho alijibu. Akamvua fundi fremu kwa mikono miwili, taratibu, akaiweka mezani, akakishika kile kichwa chake kikubwa akakiegemeza kwenye koti lake jeupe. Walikaa hivyo. Alimwambia ndiyo, akamwambia tena ili asije akadhani amesikia vibaya, na akamwonya kwamba kuanzia leo akimuuliza chakula kimekolea au hakijakolea atataka ukweli.

"Na kikiwa hakijakolea?"

"Utasema."

"Na ukinuna?"

"Nitanuna. Nanuna vizuri sana. Utazoea."

Kabla hajawasha taa alichukua simu akampigia baba yake. Tangu Jumatatu mzee alikuwa hajauliza kitu, ila alikuwa halali. Kila asubuhi kiti chake kilikutwa kikiwa na blanketi.

"Baba, niko kazini. Fundi yuko hapa."

"Amekuja kuaga?"

"Hapana, baba. Haendi. Alikataa. Anabaki."

Mzee ambaye aliwahi kukaa miezi na kelele za injini bila kusema neno, alitafuta neno. Lilipomtoka, lilitoka na pumzi nzito kama ya mtu anayetua mzigo mlangoni.

"Afadhali," alisema. "Afadhali, mwanangu."